Sauti Iliyonunua Friji

Saa moja asubuhi, simu ya Zamda ilionyesha kwamba mumewe Shekiondo, aliyezikwa mwaka jana, amenunua friji mbili. Siku hizi watu hulipa kwa sauti, na sauti ikiripotiwa kuibiwa hufutwa kila ilipo, hata kwenye simu za ndugu wa mwenye sauti.

Zamda alijua ilivyoibiwa. Juzi duka la mtandaoni, la bei ya kutupa, lilitaka sauti ya mwenye akaunti. Benki ilikuwa haijaambiwa kuhusu msiba na akaunti ilikuwa bado ya Shekiondo, kwa hiyo akalipigia duka ujumbe wa sauti wa zamani wa marehemu.

Aliamua kunyamaza. Friji zingelipwa, sauti ingebaki. Ndipo mama mkwe, ambaye uzee umemsahaulisha kifo cha mwanawe, akapiga simu.

"Zamda, mwanangu kanipigia! Anataka namba yangu ya siri."

"Umemtajia?"

"Bado, natafuta miwani."

"Mama, usimtajie. Si yeye."

"Nisimjue mwanangu, wewe?"

Zamda akapiga simu benki, akaripoti kwamba sauti ya mumewe imeibiwa. Kijana wa huduma akamwamkia shikamoo, akamwomba acheze ujumbe mmoja wa marehemu kwa uthibitisho.

"Mke wangu," Shekiondo alisema, akicheka, "chai hii umeitia sukari, au umeionyesha sukari kwa mbali tu?"

"Ndiye, mama?" kijana akamuuliza.

"Ndiye."

Kabla ya adhuhuri jumbe zote za Shekiondo zilikuwa kimya. Mama mkwe akapiga tena, akauliza kwa nini mwanawe hapokei simu.