Wa Mwisho Kwenye Kikombe

Zipora alitoa leso kifuani, akakipangusa kikombe cha Bwana ukingo mzima, ndipo akanywa. Kanisa zima lilimwona. Kasisi Mihayo, aliyekuwa amekishika kikombe chenyewe, aliinamisha macho.

Ni kwa sababu Mbuke alikuwa amekunywa kabla yake.

Kusema kweli, Mbuke hakupendeza kutazama. Mkono wake wa kulia ulibaki na vidole viwili, miguu ina vidonda vilivyofungwa matambara, na matambara yenyewe yananuka. Alikuwa mjane aliyerudi kutoka machimbo ya Rwamgasa, ambako yeye na marehemu mumewe waliponda mawe ya dhahabu. Aliyemuuliza habari za vidole alijibiwa kwamba viliangukiwa na jiwe. Zipora hakuuliza. Alishajua.

"Ni ukoma," alimwambia kasisi baada ya ibada, nje ya lile kanisa dogo la udongo la Waanglikana, njia ya kwenda Kahama. "Unatunywesha ukoma, Kasisi."

"Mama Esta, yule ni Mkristo mwenzako," Kasisi alimjibu.

"Basi anywe wa mwisho, sisi tukishamaliza."

Zipora ndiye aliyefundisha wanawake kusoma, ndiye aliyeanzisha nyimbo, ndiye aliyewapelekea wagonjwa uji. Kasisi akaona bora yaishe. Tangu siku ile Mbuke alipiga magoti peke yake, wenzake wote wakiwa wamesharudi kwenye mabenchi, akanywa tone lililosalia. Inatia kichefuchefu hata kusimulia: watu wazima, waliobatizwa, wanageuza nyuso pembeni mpaka mama wa watu amalize kumeza.

Kwenye darasa la kusoma ikawa vivyo hivyo. Wanawake walisoma Injili ya Marko, kitabu kimoja watu watatu. Mbuke alipewa chake, akaketishwa mlangoni, upepo uchukue harufu. Alisoma vizuri kuliko wote, kidole kikifuata mstari, lakini Zipora hakumsifu hata siku moja. Darasa likiisha alikiokota kile kitabu kwa leso, akakitupia juu ya kabati, kisha akaagiza maji ya kunawa.

"Yawe ya moto," alimwambia Mageni, mmoja wa wanafunzi wake. "Uyatoe jikoni sasa hivi."

Mageni aliyaleta yakifuka, ameushika mdomo wa sufuria kwa matambara mawili. Zipora akatumbukiza mikono yote na kuisugua kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, taratibu, huku akimtazama Mbuke anavyoondoka.

"Aka, Mwalimu! Yatakubabua."

"Uchafu ule hautoki kwa maji baridi."

Kesho yake alikuja na malengelenge mgongoni mwa mkono. Akawaonyesha wanawake wote. "Mnaona? Kitabu chake hicho!" Wakaguna, wakasogeza viti vyao mbali zaidi na mlango. Wanawake walewale waliokuwa wakimwita Mbuke "mayu", yaani mama, sokoni sasa walimpita bila salamu.

Mwishowe Zipora aliandika barua mwenyewe kwa daktari wa misheni. Mbuke akikutwa na ukoma, angepakiwa garini siku hiyohiyo na kupelekwa kambi ya wakoma, mwendo wa siku mbili. Waliopelekwa kule hawakuwa wakirudi.

Mbuke alipopata habari alimfuata hadi uani kwake, akasimama mbali kama alivyozoezwa.

"Mwalimu, nina mjukuu. Mama yake alikufa wakati wa kumzaa. Mimi nikiondoka, atabaki na nani?"

"Hayo mweleze daktari," Zipora alisema, akatema mate chini.

Daktari alifika Alhamisi asubuhi. Alimsikiliza Zipora, akatikisa kichwa.

"Sipimi mtu mmoja. Mmekunywa kikombe kimoja, nitawapima wote."

"Wote, sawa, Bwana Daktari. Lakini leo yeye awe wa kwanza."

Wanawake wakacheka. Mbuke akaketi kwenye kigoda katikati ya kanisa, mjukuu wake amembana kwenye goti. Kipimo kilikuwa rahisi: unafumba macho, daktari anakuchoma kwa sindano hapa na pale, nawe unasema umechomwa wapi. Nyama yenye ukoma haisikii.

"Hapa," Mbuke alisema. "Hapa. Hapa kwenye kisigino. Aa, hapo Bwana umeniumiza!"

Hapo palikuwa kwenye kigutu cha kidole.

"Huyu hana ukoma," daktari alisema. "Hivi ni vidonda tu, vinataka dawa na bandeji. Na vidole vilipondwa na kitu kizito."

"Jiwe," Mbuke alisema, akamkumbatia mjukuu wake.

Ungetegemea Zipora aone haya, lakini wapi! Alisubiri Mbuke atoke kwenye kigoda, akakipangusa kwa leso, miguu yote mitatu, ndipo akakikalia.

"Ukoma hana, lakini kunuka ananuka," alisema. Akakunja mkono wa gauni hadi begani. "Haya, nipime na mimi, watu waone mwili uliotunzwa."

Akafumba macho, kidevu juu.

Zipora alisikia Mageni akivuta pumzi, akasikia daktari akirudi nyuma hatua moja. Akangoja. Akachoka kungoja.

"Bwana Daktari, anza basi. Nina darasa."

Mbuke akamwacha mjukuu wake, akaenda hadi kwenye kigoda, na kwa vidole vyake viwili akaichomoa sindano iliyokuwa imesimama kwenye mkono wa Zipora.