Koki ya Nta

Gari lilikuwa zima kabisa, na fundi alikuwa amelala chini yake akiliharibu.

Mwenye gari, ambaye ni mkwewe, alikuwa amekaa hapo hapo gerejini kwenye benchi la wateja, mguu juu ya mguu, anakunywa soda. Fundi kule chini alikuwa anaviona viatu vyake tu, vinang'aa. Mkwe yule alikuwa mtu safi, jamani, hata gereji haimchafui.

"Kagua kila kitu, baba. Jumamosi tunahama. Kule ng'ambo ya mlima hakuna fundi, hakuna duka, hakuna jirani."

"Hata jirani hakuna?"

"Jirani wa nini, baba? Watu kazi yao kusikiliza ya wenzao."

Fundi akazidi kukaza koki.

Sasa koki hiyo ndiyo yenye maneno. Kila rejeta ina koki kwa chini, unaifungua unapotaka kumwaga maji ya injini uweke mengine. Kitu chenyewe kama kidole gumba, wala hakuna anayekitazama. Basi fundi alikuwa amechonga ya kwake, ya shaba, akaitoboa katikati, na lile tundu akaliziba kwa nta aliyoichanganya na lami. Ikiwa baridi, ngumu kama jiwe. Ikipata joto la kupanda mlima inalainika, maji yanaisukuma nje, na rejeta inabaki kavu.

Usidhani ilikuwa rahisi. Ya kwanza iliachia mapema mno. Gari lingezimika sokoni, mkwe akodi jingine, safari iendelee. Ya pili ilikuwa na lami nyingi, akaichemsha mpaka sufuria ya mkewe ikaungua, koki imetulia tu kama inaoga.

Pancha, mziba matairi wa jirani, alimkuta akiijaribu.

"Fundi, siku hizi unapika koki? Mama kakunyima chakula?"

"Naonja chumvi tu," fundi akasema. Pancha akaenda zake anacheka.

Msimwone mtu mbaya. Alikuwa na binti mmoja, aliyekulia humo humo gerejini, aliyejua gia kabla hajajua kusuka nywele. Tangu aolewe, simu yake anapokea mume. Mara ya mwisho aliletwa kusalimia, mtandio umemfika machoni na joto lote lile. Akasema ameteleza bafuni. Mumewe yuko kando yake, anatikisa kichwa kwa huruma, anamshika bega. Walipoondoka, mama yake akakaa sakafuni.

"Bafu gani lina vidole?" akamuuliza fundi. "Mume wangu, mtoto huyu akivuka ule mlima tutaletewa maiti."

Fundi akaenda gerejini usiku ule ule. Ndipo alipoanza kuchonga shaba.

Barabara ya kutoka mjini ilikuwa moja tu. Katikati ya mlima, mahali pasipo na nyumba, gari lingezimika. Maji yako bondeni, na mkwe angebeba dumu mwenyewe, maana mbele za watu alikuwa mume mwema kupita wote. Akishateremka tu, kaka wa binti angetokea na pikapu, ampakie dada yake, na kwaheri ya kuonana. Binti mwenyewe hakujua lolote. Angeambiwa vipi, na simu iko mfukoni mwa mumewe?

Fundi akatoka chini ya gari, akajifuta mikono kwa tambara.

"Tayari."

"Litatufikisha, baba?"

"Litakufikisha unapostahili."

Mkwe akacheka, akampa mkono, tena mikono yote miwili, kama mtoto aliyelelewa.

Kesho yake, Ijumaa, fundi hakufanya kazi ya maana. Kila spana aliyoshika ilimponyoka. Alimpigia mwanawe wa pikapu, je, gari lina mafuta? Akampigia tena, je, una hakika? Mwisho yule kijana akamwambia, "Mzee, ukiniuliza tena nayanywa." Kichwani mwa fundi mlikuwa na swali moja tu: ile nta itaachia, au haitaachia?

Jua lilipofika utosini, pikipiki ikasimama mlangoni. Mkwe akashuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Gari liko wapi?"

"Si mwanao huyo!" Mkwe alikuwa anatabasamu, lakini mshipa wa shingo unamcheza. "Asubuhi nimeingia kuoga, natoka, yeye hayupo, funguo hazipo, gari halipo. Kumbe anajua kuendesha, na wewe hukuniambia. Nimezunguka mji mzima, baba. Nikasema basi, huyu nimempoteza."

Fundi akaiweka spana mezani.

"Lakini Mungu si Athumani," mkwe akaendelea, taratibu, kwa sauti yake ile ya heshima. "Sasa hivi kanipigia dereva mmoja wa lori, rafiki yangu. Gari langu kaliona limezimika katikati ya mlima, linafuka mvuke, na mwanamke kajifungia ndani. Yeye hakusimama, ana haraka zake. Na pale unapajua, hapana nyumba. Niazime dumu la maji, baba, niwahi kabla hajatokea mtu mwingine."