Ubavu wa Kushoto

Kufikia saa nne asubuhi, wauza magodoro wanane walikuwa wakisinzia mbele ya mkufunzi wao, Bi Mwatumu. Wakilala na leo, mwenye duka hatamwita tena. Mwatumu akazima projekta, akavua viatu, akajilaza kwenye godoro la maonyesho.

"Mimi mteja. Haya, niuzieni."

Mmoja akataja bei, mwingine dhamana ya miaka kumi. Mwatumu akatikisa kichwa. Mzee Kibwe, muuzaji wa siku nyingi kuliko wote, akachutama karibu naye.

"Unalalia ubavu gani, mama?"

"Wa kushoto. Nageukia alikokuwa akilala marehemu mume wangu."

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Hakuna aliyesinzia tena. Mzee Kibwe akaweka kiganja kwenye nusu tupu ya godoro, akaibonyeza taratibu, akasubiri.