Zege Nyuma ya Kamba

Verna alimchapa yule fundi kwa sepetu ya theluji, na msumeno wa kukatia chuma ukamponyoka.

"Umerukwa na akili, bibi?"

"Hiyo kamba ya chuma ya viti bado inavutwa na zege la tani tisa linaloning'inia kule nyuma. Lishushe kwanza. Ukiikata hivyo, itafyatuka ikupasue."

Sikio la fundi lilikuwa limechanika. Damu ilidondoka kwenye theluji, nyekundu kama vibendera vya mashindano ya watoto, enzi watoto walipokuwa bado wanapandishwa mlimani kwa viti vya kamba hiyo, kisha wanashuka wakiteleza juu ya theluji.

"Bosi wangu wa Boston kaununua mlima na viti vyake. Anaviuza viwe bembea za bustanini. Wewe nenda kapike."

"Nimeuendesha mtambo huu miaka arobaini. Mume wangu kamba hiyohiyo ilimng'oa mguu, na siku hiyo ilikuwa imelegezwa."

"Basi alikuwa mzembe."

Akamsukuma kifuani. Verna alianguka chali kwenye barafu, mbavu zikalia, na fundi akaipiga sepetu teke ikaserereka mpaka bondeni. Kisha akauwasha msumeno.

Cheche ziliruka. Uzi wa kwanza wa kamba ulikatika kwa mlio wa kofi, na fundi akageuka kumcheka.

Alikuwa amesimama palepale ambapo kamba ingefyatukia ikikatika.

Verna alifumbua mdomo kumwonya, akaufumba. Akajikokota kwa viwiko mpaka nyuma ya ukuta wa chumba cha mtambo, akajikunyata, akaivuta kofia yake ya sufu mpaka ikafunika masikio.