Chini ya Bawaba

Boneti ya gari la kale ililazwa chali juu ya magunia. Fundi Shemdoe alishika bawaba, akaielekeza kwenye alama aliyoichora kwa msumari siku alipoifungua, ili boneti irudi pale pale ilipokuwa.

"Paka rangi hapo kwanza," alisema Kihiyo, mwenye gari.

"Bawaba itapafunika, bosi. Nani atapaona?"

"Wewe paka tu."

Shemdoe alimtazama. Hakuna mteja aliyewahi kujali chini ya bawaba. Akachukua tambara, akafuta grisi iliyokauka ndani ya alama. Rangi iliyotokea ilikuwa ya kijani.

"Si ulisema limetoka kiwandani jeupe?"

"Ndiyo. Jeupe."

Gari lililomgonga mke wa Shemdoe lilikuwa la kijani, la aina hii hii. Dereva hakusimama, na mjini halikuonekana tena.

Kihiyo alikuwa amekwisha kufungua kopo. Alimnyooshea brashi, matone meupe yakimdondokea viatuni.

Shemdoe hakuipokea. Alitia bawaba mfukoni, akatembea taratibu hadi kwenye geti la gereji, akalifunga kwa ndani.