Majibu ya Makoo Ishirini

Mpimaji wa maabara alilinganisha picha mbili za jeni za bakteria kwa mara ya tatu. Jeni zilikuwa zile zile, hata ile ya kimeng'enya ambacho bakteria hawa hukitema kuyeyusha nyama ya mtu angali hai. Picha moja ilitokana na damu ya mzazi aliyefariki siku ya nne baada ya kujifungua. Nyingine ilitokana na koo la mfanyakazi mmoja wa wodi, kati ya ishirini waliopimwa.

Mlango ulisukumwa. Mkunga mkuu aliingia na wauguzi sita nyuma yake. Marehemu alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na yeye ndiye aliyemzalisha. Juzi alimzaba kibao mfagiaji wa wodi mbele ya wagonjwa, akamwita muuaji, na mama wa watu akafukuzwa kazi akilia.

"Umempata?" aliuliza. Sauti bado ilikwaruza kwa mafindofindo yaliyomsumbua wiki mbili.

"Dada, tuongee sisi wawili tu."

"Siri ya nini? Si yule mfagiaji? Soma jina, kila mtu asikie!"

Mpimaji angeweza kuikunja karatasi ile na kumstahi. Lakini mfagiaji alikuwa shangazi yake, aliyemlea, na asubuhi hiyo mpimaji alimwacha kitandani, shavu likiwa bado limevimba.

"Jina ni lako, Dada," alisema, kwa sauti iliyofika hadi korido.

Mkunga mkuu alicheka. Hakuna muuguzi aliyecheka naye.