Tope Halijamtoka

Samaki wa bwawani hunuka tope, kwa hiyo katika mji ule watu humweka siku tatu kwenye maji safi kabla ya kumpika. Mama Saumu alimweka wake uani, kwenye beseni la kufulia. Samaki huyo alikuwa mnene, mwenye magamba mapana na sharubu nne.

Siku ya tatu Mama Saumu alichukua kisu, akafika mlango wa uani, akasimama. Mumewe, ambaye tangu astaafu kazi ya reli hakuwa akimjibu zaidi ya "ndiyo" na "hapana", alikuwa amechuchumaa kando ya beseni akimlisha samaki makombo ya mkate.

"Nikiamka sina pa kwenda, bwana," alimwambia samaki. "Na Mama Saumu nitamwambiaje? Atahuzunika bure."

Samaki alitoa mdomo, akala vidoleni mwake. Mzee akacheka.

Mama Saumu alirudi jikoni polepole, akakifukia kisu kwenye debe la unga.

Usiku, wakila maharage, mumewe aliuliza, "Huyo samaki tunampika lini?"

"Bado ananuka tope, Baba Saumu."

Asubuhi Mama Saumu alikwenda uani na ndoo ya maji safi na vigoda viwili.